Lango la Sita la Sumbiri

Mashine ilizikataa mbegu tatu za Atupele kabla hajaipa ile ambayo haikuwa yake.

Wakati huo alikuwa na umri wa miaka arobaini, na tisa kati ya hiyo alikuwa ameitumia akitunga visa katika kampuni ya michezo ya kompyuta mjini Mbeya, ghorofa ya nne, kwenye chumba chenye dirisha linalotazama mlima. Mchezo wao uliitwa Taji la Sumbiri. Mchezaji huwa tarishi aliyekabidhiwa taji la mfalme aliyekufa, naye huvuka malango saba ya nchi ya Sumbiri ili amfikishie mrithi asiyejulikana alipo. Humo kuna majoka yaliyolala chini ya madaraja, wachawi wanaonunua vivuli vya watu, na miji inayohamahama kama ng'ombe wa malisho. Lakini si majoka yaliyowafanya watu wazima waache chakula kipoe mezani. Kilichowashika ni kwamba hadithi iliwajua.

Mchezaji alivaa mkanda kwenye paji la uso. Mkanda ulisoma mapigo ya moyo, pumzi na unyevu wa ngozi, na mashine iliyoitwa Mfumaji ikaifuma hadithi papo hapo kufuata moyo ulikoelekea. Ukimwonea huruma mzee aliyekaa kando ya njia, mzee yule alipata jina, akapata binti, akapata na jambo analolificha. Ukimpita bila kujali, alibaki mzee wa kando ya njia. Hakukuwa na watu wawili waliopita Sumbiri ileile.

Ila Mfumaji hakuweza kuotesha kitu bila mbegu. Ilibidi mtunzi akae peke yake chumbani, avae mkanda, asimulie kisa kwa sauti. Mfumaji alichukua maneno, na pamoja na maneno alichukua uzito wake kifuani mwa msimulizi. Ukimpa kisa ulichokibuni huku moyo umetulia, kilitoka upande wa pili kikavu kama kiporo, na wachezaji wakakipita.

"Watu milioni mbili wamekwama lango la tano wanatusubiri," alisema Leontina Haule, mkuu wa kitengo. "Nipe kitu kinachouma, Atupele."

"Nimekupa vitatu."

"Umenipa vya kuchekesha. Wewe mwenyewe hukuumia ulipovisimulia. Nimeiona chati."

Akatoka, akaufunga mlango taratibu. Mkanda ulikuwa mezani. Atupele aliutazama kwa muda, kisha akauvaa.

Nyumbani kwao, juu ya Tukuyu, walizaliwa watatu: Ambakisye wa kwanza, Atupele wa pili, na Sekela kitindamimba. Sekela alifariki akiwa na miaka sita. Siku hiyo Mama alimtuma Ambakisye, aliyekuwa na miaka kumi na sita, apeleke unga kwa bibi upande wa pili wa mlima, na Sekela akang'ang'ania kufuatana naye. Ukungu ukashuka. Ambakisye alirudi peke yake, akasema mtoto aliingia vichakani kujisaidia, akamsubiri, hakutoka. Walimtafuta siku mbili. Walimkuta bondeni, amejikunja chini ya mgomba mwitu, baridi imeshammaliza. Hivyo ndivyo kijiji kilivyojua, na hivyo ndivyo Mama alivyojua.

Miaka kumi na mitatu baadaye, Ambakisye alilazwa na kichomi, akadhani hatapona. Mchana mmoja, wagonjwa wengine wakiwa wamelala, alimshika Atupele mkono na kumwambia mambo mengine. Sekela hakuingia vichakani. Alikuwa amechoka, analia abebwe, na yeye alikuwa anawahi mpira. Akamwachia mkono. Akamwambia, "Kaa hapo mpaka ukome kulia," akatangulia hatua chache ili amtishe. Alipogeuka hapakuwa na mtoto wala njia. Aliita mpaka sauti ikakauka.

"Usimwambie mtu, Atu," alisema. "Hata mke wangu hajui."

"Simwambii mtu, kaka."

Ambakisye alipona. Hawakulizungumza tena jambo lile, na kwa miaka kumi na minane Atupele alilihifadhi. Sasa alilisimulia kwa dakika arobaini kwenye chumba kitupu. Alibadilisha majina. Mlima ukawa wa Sumbiri, mvulana akawa mwana wa mhunzi. Alijiambia hayo yanatosha. Lakini sweta jekundu lenye kifungo kimoja cha bluu hakulibadilisha, wala wimbo ambao mtoto alikuwa akiimba, wala yale maneno ya mvulana, kwa sababu kila alipojaribu kuyagusa alihisi kisa kinapoa, na alijua Mfumaji naye anahisi.

Alipotoka, Leontina alikuwa amesimama mbele ya chati, kiganja mdomoni.

"Mungu wangu," alisema. "Hiyo ndiyo."

*

Lango la sita lilifunguliwa mwezi wa Juni. Kabla ya wiki kuisha, watu walikuwa wakimzungumzia mtoto wa sweta jekundu sokoni na kwenye vituo vya treni kana kwamba ni wa jirani. Wengine walimshika mkono ndani ya ukungu wakamfikisha kwao. Wengine walimpoteza, wakarudi tena na tena. Dereva mmoja wa Songea aliandika kwamba amemwomba radhi mdogo wake ambaye walikuwa hawasalimiani kwa miaka saba. Mama mmoja wa Kondoa aliandika mstari mmoja tu: "Nani amewaambia habari zangu?"

Barua hizo zilisomwa mbele ya wafanyakazi wote, na Atupele alipigiwa makofi. Alifurahi. Baadaye alipoyakumbuka makofi yale alitamani angalau siku ile angeona aibu kidogo, lakini hakuona.

Mwezi wa Agosti alipanda treni ya umeme kwenda kumwona Mama. Mama alipatwa na kiharusi miaka miwili nyuma, na mguu wa kushoto ukakataa kabisa. Ni Atupele aliyemnunulia kioo cha ukutani cha kuchezea Sumbiri, na mkanda, ili apate pa kutembea. Mwanzoni Mama alicheka, akasema majoka ni mambo ya watoto. Baada ya mwezi alikuwa akiwajua wafalme wa Sumbiri kwa majina na ukoo wao.

Atupele alimkuta kitini, mkanda kichwani, bakuli la uji pembeni limeshaweka utando. Ukuta mzima ulikuwa ukungu. Mama alikuwa anaimba, na sauti ya kitoto ndani ya kioo ilikuwa inamwitikia.

"Karibu, mwanangu. Ngoja kwanza nimfikishe huyu."

Atupele alisimama mlangoni na begi lake. Nyumba ya mawe ikatokea ndani ya ukungu, mtoto akaingia mbio, mlango ukafungwa. Mama akavua mkanda, akajifuta macho kwa upindo wa khanga.

"Hii ni mara ya kumi na nne," alisema. "Sijampoteza hata mara moja."

"Hongera, Mama."

"Umemvika sweta la Sekela. Nililifuma kwa mikono yangu hii, kifungo kikapotea, nikaweka cha bluu kwa kuwa ndicho nilichokuwa nacho." Akamtazama binti yake kwa upole ambao Atupele hakuwa ameuona usoni pake kwa miaka mingi. "Ulimweka humo kwa ajili yangu, eti? Ili nimrudishe."

Njia ya kusema kweli ilikuwa wazi pale. Ilikuwa mchana, walikuwa wawili tu.

"Ndiyo, Mama," alisema Atupele.

"Ndaga, mwanangu. Ndaga fijo." Mama alishukuru kwa Kinyakyusa, akaushika mkono wake, akaukandamiza shavuni. "Ila kuna jambo. Mama Lwitiko hapo jirani anasema yeye amekutana na mvulana, kaka wa huyu mtoto. Mimi bado hajanitokea. Nataka nimwone. Nataka nimuulize alikuwa wapi."

*

Atupele alimjua Mfumaji kuliko mtu yeyote. Alijua kwamba mtoto huja kwanza, na mvulana huja baadaye, mchezaji akishampenda mtoto kiasi cha kustahimili kuambiwa ukweli. Mama alikuwa amempeleka mtoto nyumbani mara kumi na nne. Mvulana angemtokea siku yoyote, na angefungua kinywa, na Mama, ambaye aliulea ule mkono ulioachia, angetambua ni maneno ya nani.

Jumatatu asubuhi alikwenda moja kwa moja kwa Leontina.

"Nataka kuitoa mbegu ya lango la sita."

"Haitoki," alisema Leontina. "Imeshaingia kila mahali. Mzee wa lango la pili sasa anamtafuta mjukuu, umeona? Hatukumwambia sisi. Ni chumvi iliyokwisha yeyuka kwenye mchuzi. Kuna nini?"

Atupele akamweleza. Leontina alisikiliza mpaka mwisho, kisha akakaa.

"Nilidhani ni kisa chako," alisema polepole. "Kilivyokuuma, nilidhani ni wewe uliyemwachia mtoto mkono." Akakuna paji la uso. "Kaka yako ulimwomba ruhusa?"

Atupele akatikisa kichwa.

"Basi nenda kamwambie leo, kabla hajasikia kwa mwingine. Mwambie yeye, halafu mwende wote kwa mama. Njia nyingine ninayoiona ni kumfungia mama yako peke yake. Naweza kufanya hivyo. Lango la sita litamkatalia, mchezo wote uliobaki utaendelea. Lakini hiyo ni kuziba ufa kwa karatasi."

Kutoka Mbeya hadi Tukuyu kwa treni ni dakika arobaini tu. Atupele alifika hadi kituoni, akakaa kwenye benchi, treni mbili zikaja na kuondoka. Alijaribu maneno ya kuanzia. Kila alipoanza, alimsikia Ambakisye akiuliza, kwa nini? Na jibu alilokuwa nalo lilikuwa moja: kilikuwa kisa kizuri, na yeye alikuwa ameishiwa. Akarudi ofisini.

"Mfungie," alimwambia Leontina.

*

Siku tatu hazikupita, Mama akapiga simu.

"Atu, lango halifunguki."

"Ni hitilafu, Mama. Wanaishughulikia."

"Mama Lwitiko kwake linafunguka."

"Hitilafu hizi haziwapati wote. Vumilia kidogo. Hujapita njia ya ziwani, kuna mambo mazuri huko."

Mama akavumilia wiki moja, ya pili, ya tatu. Kila mara sauti yake ilikuwa chini kuliko mara iliyopita. Mke wa Ambakisye, aliyekuwa akimpelekea chakula, alimwambia Atupele kwamba sahani zinarudi kama zilivyokwenda.

"Yule mtoto yuko kule peke yake," Mama alisema siku moja. "Usinidhanie nimechanganyikiwa, mwanangu. Najua ni mchezo. Ila nikifumba macho namwona yuko palepale, ananisubiri, na mimi siji."

"Kesho kutwa, Mama," alisema Atupele. "Nadhani kesho kutwa itakuwa tayari."

Mama hakuingoja kesho kutwa. Ilikuwa Jumapili, na Ambakisye alikuwa amepita baada ya ibada, kama kawaida yake. Alikuwa fundi wa mashine za kuchumia chai, mtu wa bisibisi na grisi, na hakuwahi kuvaa mkanda maishani mwake. Alikuwa akisema hana muda wa majoka. Mama akamwomba aangalie ubovu uko wapi. Akafungua kioo nyuma, akapima waya, akaona kila kitu ni kizima.

"Kosa haliko hapa, Mama. Labda ni jina lako limeshikwa huko kwao. Ngoja nijiandikishe kwa jina langu. Nikilifungua lango, utatazama."

Mgeni aliruhusiwa kuanzia lango lolote. Akaukaza mkanda kichwani na kuketi kwenye stuli kando ya Mama. Kwa mchezaji mwingine yeyote, mtoto angetangulia. Mfumaji alisoma kifua cha Ambakisye na hakuona sababu ya kungoja.

Mvulana alitoka kwenye ukungu, kiganja kimoja wazi. "Nimemwambia akae hapo mpaka akome kulia," alisema.

Ambakisye hakuvua mkanda. Mama alisimulia baadaye kwamba alikaa kama mtu aliyepigwa kofi na mzazi, mabega yamemshuka. Mvulana alimkaribia na kumweleza yote: uchovu wa mtoto, mchezo aliokuwa anauwahi, hatua alizotangulia, uongo wa vichakani. Mama alikuwa anatazama ukuta. Halafu akasikia pumzi ya mwanawe, akageuka.

"Ambakisye, mbona unalia? Huu si mchezo tu?"

"Si mchezo, Mama," alisema Ambakisye.

*

Ambakisye alimpigia Atupele simu kesho yake asubuhi, akiwa kazini. Hakupandisha sauti.

"Nilikwambia wewe."

"Kaka, naomba nikueleze..."

"Nilikuwa nimelala pale najua nakufa, na nilitaka mtu mmoja tu ajue. Nikafikiri, nani? Nikakuchagua wewe."

"Nilibadilisha majina, kaka."

Ambakisye akauliza, "Ni watu wangapi wamelicheza hilo lango?"

Idadi Atupele aliijua. Ilikuwa inaandikwa kwenye kioo cha ukumbini kila asubuhi. Ilikuwa imepita milioni tatu.

"Wengi," alisema.

Ambakisye akakata simu.

Siku hiyohiyo Atupele alikwenda kwa Mama. Kioo kilikuwa kimezimwa na kufunikwa kitambaa. Mama hakumwambia aketi, akaketi mwenyewe.

"Ni mimi niliyewatuma," Mama alianza, kama anayeendelea na mazungumzo ya zamani. "Mawingu yalikuwa yameshaanza kushuka, nikaona, nikasema hawatachelewa. Bibi yenu hakuwa na haraka na ule unga. Miaka thelathini na moja nimeamka na neno hilo. Kama Ambakisye angeniambia, ningemkasirikia. Mwaka, labda miwili. Halafu ingepita, maana ni mwanangu, na alikuwa mtoto naye. Badala yake nimejikasirikia mwenyewe maisha yangu yote."

"Nisamehe, Mama."

"Wewe ulijua tangu akiwa hospitali. Ulikaa na mimi jikoni humo, tunamenya ndizi, nikisema laiti nisingewatuma, na wewe unajua."

"Nilikuwa nimemwahidi."

"Sawa, ulimwahidi. Ungekaa na ahadi yako mpaka unaingia kaburini, ningekuelewa. Au ungeivunja ukaja kwangu, ningekuelewa pia. Wewe umeivunja kwa nchi nzima, mimi niliyemzaa ukaniweka mwisho." Akakunjakunja ncha ya khanga. "Na mimi nikakushukuru, Atu."

Jioni ile Atupele alimfungulia Mama lango. Mama hakurudi tena Sumbiri.

*

Mwezi wa Oktoba, Ambakisye alimbeba Mama mgongoni mpaka kwenye kaburi la Sekela, wakakaa huko kutwa nzima, wawili peke yao. Atupele alipata habari hiyo kwa Mama Lwitiko. Tangu hapo Ambakisye alifika kila siku, si Jumapili tu, na sahani zikaanza kurudi tupu.

Atupele aliomba kwa mara ya pili lango liondolewe, hata kama mchezo wote ungesimama. Leontina alimwekea mezani kasha la barua. Ya juu ilikuwa ya mwanamume wa Babati aliyesema alipomaliza lango la sita aliwasha pikipiki, akaenda kwa wazazi wake kuwaeleza jambo la mwaka aliokuwa na miaka kumi na moja, na kwamba sasa analala.

"Niambie hawa niwanyang'anye," alisema Leontina. "Ukisema neno, nitakwenda kwa wakubwa."

Atupele alisoma barua tatu, ya nne akashindwa. Neno hakulisema. Aliandika barua ya kuacha kazi, na mwaka uliofuata akawa anafundisha insha kwenye shule ya sekondari huko Rujewa. Lango la sita lipo hadi leo.

Ilimchukua miaka miwili kupata ujasiri wa kwenda karakanani kwa Ambakisye. Alimkuta katikati ya mashine za kuchumia chai zilizopangwa kama ng'ombe zizini, vyuma vimefunguliwa. Ambakisye aliinuka, akajifuta mikono kwa kitambaa, akamvutia kiti.

"Karibu sana, Mwalimu. Habari za safari?"

Hakuwahi kumwita hivyo. "Nzuri, kaka. Shikamoo."

"Marahaba. Mvua huko kwenu zinanyesha?"

Wakazungumza habari za mvua. Wakazungumza habari za treni, na bei ya mbolea, na mchungaji mpya. Ambakisye akamimina chai, na ilipofurika kikombe ikamwagikia sahani, akacheka kidogo, akasema mikono ya uzee. Atupele naye akacheka. Halafu akaweka kikombe chini, akapiga magoti kwenye sakafu yenye grisi na kuomba radhi kwa maneno aliyokuwa ameyabeba miaka miwili.

"Inuka, utachafuka," alisema Ambakisye. "Nimeshakusamehe. Mama aliniomba, nikakaa nalo, nikaona kweli nimesamehe. Sina kinyongo na wewe, hilo lisikusumbue."

Alisema kweli, na Atupele aliiona kweli hiyo usoni mwake. Akaketi tena, kifua chepesi.

"Na wewe, kaka? Nyumbani? Afya yako?"

"Salama tu," alisema Ambakisye. "Tunamshukuru Mungu."

Alimsindikiza hadi kwenye geti, akampa mkono, akamwambia asalimie wanafunzi. Atupele akapita kwa Mama Lwitiko kumwachia sukari. Mama Lwitiko, mwanamke asiyejua kunyamaza, alimpokea kwa furaha.

"Afadhali umekuja umwone kaka yako. Maana hayo macho! Daktari amesema la kushoto limeshakwenda, na la kulia halimalizi mwaka. Mama yako analia kila siku. Mafundi wake ndio wanaomsomea vipimo siku hizi..."

Akaiona sura ya Atupele, akakatisha. Akajiziba mdomo kwa kiganja.

"Jamani," alisema. "Kumbe wewe ndiye ambaye kaka yako alitukataza tusimwambie."